Bamba la graundi la antena ya fimbo: mwongozo kamili wa kuchagua ukubwa unaofaa

Wengi walioniomba msaada kuhusu antena ya robo wimbi (fimbo yenye urefu wa robo ya wimbi la redio) walikuwa wamekwama mahali pale pale. Wamesoma kwamba fimbo iliyosimama juu ya bamba la graundi (bati lililo chini ya fimbo) ina geini, yaani uwezo wa kuelekeza nguvu upande mmoja, ya dBi 5.16, wakaona kwamba kipande cha bati walichotumia ni kidogo, wakaweka kikubwa zaidi, na mawimbi ya mbali yakapungua badala ya kuongezeka. Wakadhani bamba bado halijatosha, wakaongeza tena, na hali ikabaki vile vile.

Namba hiyo ni ya kweli, lakini ni ya bamba lisilo na mwisho, ambalo hakuna fundi anayeweza kulikata. Bamba lenye ukingo hufanya kazi kwa namna nyingine, na mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kuliona jambo hilo kwa macho yako kwa kutengeneza antena moja, kuibadilishia graundi, na kupima tofauti.

Mfano tutakaoutumia ni kupokea ndege kwenye MHz 1090. Ndege nyingi za abiria hutangaza mahali zilipo takriban mara mbili kwa sekunde kwenye masafa hayo, na kipokezi kidogo cha RTL-SDR, kinachochomekwa kwenye USB ya kompyuta, huzisoma bila kurusha chochote hewani. Nimeuchagua kwa sababu mbili: antena yake ni fupi, hivyo kosa halikugharimu zaidi ya kipande cha waya, na programu inakuonyesha umbali wa kila ndege, kwa hiyo unapata kipimo ambacho vinginevyo kingehitaji maabara.

Vifaa

- Soketi moja ya aina ya N yenye bapa la pembe nne na matundu manne ya skrubu. Soketi ya SO-239 inaweza kutumika kwa jaribio, ingawa haikutengenezwa kwa masafa haya.
- Waya mgumu wa shaba wa uzi mmoja, ule wa milimita mraba 2.5 unaotumika kwenye soketi za nyumbani, nusu mita.
- Bati bapa la fundi bati, la kutosha kukata duara la kipenyo cha milimita 550 na jingine la milimita 138.
- Skrubu nne za milimita 3 na nati zake.
- Pasi ya kulehemu na lehemu, koleo, mkasi wa bati, tupa, keekee na rula ya chuma.
- Kipokezi cha RTL-SDR, kompyuta yenye programu ya dump1090 (inayosoma mawimbi ya ndege), na kebo.
- Bomba la plastiki la kusimamishia antena, urefu wa mita 2 au zaidi.

Kifaa cha NanoVNA (kipima antena kidogo) kinachofika juu ya MHz 1100 kitakusaidia sana, lakini si lazima.

Usitumie alumini kwa sehemu yoyote unayotaka kulehemu, kwa sababu lehemu ya kawaida haishiki juu yake. Sinia la alumini linafaa tu ikiwa utalifunga kwa skrubu na kulikwangua vizuri mahali linapogusana na soketi.

Kinachotokea kwenye ukingo wa bamba

Geini si nguvu mpya inayozaliwa ndani ya antena. Ni kipimo cha jinsi antena inavyoelekeza nguvu ile ile upande mmoja zaidi ya mwingine, ikilinganishwa na antena ya kinadharia inayotawanya sawa pande zote, na huandikwa kwa desibeli, kwa kifupi dBi. Daipolo ya nusu wimbi (fimbo mbili za robo wimbi zinazoelekea pande tofauti) iliyo peke yake hewani ina dBi 2.15. Ukiikata nusu na kuisimamisha juu ya bamba lisilo na mwisho, nguvu yote hulazimika kubaki nusu ya juu, na kwa hiyo unaongeza desibeli 3 na kufika dBi 5.16, huku kilele cha geini kikiwa kwenye upeo wa macho kabisa.

Bamba halisi lina mwisho. Wimbi linalosafiri sambamba na bamba likifika ukingoni hupinda, sehemu yake ikaenda chini na sehemu ikarudi juu, na matokeo yake ni kwamba kwenye upeo wa macho uga (ukali) wa wimbi unabaki takriban nusu ya ule wa bamba lisilo na mwisho. Nusu ya uga ni upungufu wa desibeli 6. Kwa hiyo, kwa bamba kubwa lenye ukingo, geini ya kwenye upeo hushuka hadi karibu dBi −0.9, wakati kilele cha geini kimepanda juu na kukaa kwenye pembe ya takriban nyuzi 30.

Hapo ndipo watu wanapopotea. Bamba kubwa linaongeza geini kweli, ila kule juu. Ukipima kilele peke yake utafurahi, na ukipima mbali utapoteza.

Sasa linganisha na mahali ndege zilipo. Ndege inayoruka mita 10,700 ikiwa kilomita 20 kutoka kwako iko nyuzi 28 hivi juu ya upeo. Ikiwa kilomita 200, ukihesabu na mviringo wa dunia, iko nyuzi 2 na nusu tu. Ikiwa kilomita 300, imebaki nyuzi 1. Bamba kubwa linaipa geini ndege iliyo karibu, ambayo ingesikika hata kwa waya uliokatwa ovyo, na kuinyima ile ya mbali uliyojengea antena.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya urefu wa wimbi

Gawanya 299,792 kwa masafa ya MHz, na jibu ni urefu wa wimbi kwa milimita. Kwa MHz 1090 unapata milimita 275. Robo yake ni milimita 68.8.

Andika namba hizi mbili kwenye karatasi kabla ya kugusa mkasi, kwa sababu kila kipimo kinachofuata kinatokana nazo. Kusema kwamba bamba la sentimita 30 ni kubwa au ni dogo hakuna maana mpaka ujue wimbi lako lina urefu gani: kwa ndege linazidi wimbi zima, lakini kwa redio ya baharini ya MHz 156.8, yenye wimbi la mita 1.91, halifiki hata moja ya sita.

Hatua ya 2: Tengeneza fimbo

Menya waya wa shaba, unyooshe kwa kuuvuta kati ya koleo mbili, na uulehemu kwenye pini ya kati ya soketi ukiwa umesimama wima. Kata ncha ili kutoka uso wa bapa la soketi hadi juu kabisa kuwe na milimita 66. Tunakata fupi kidogo kuliko robo kamili kwa sababu waya wenye unene huitikia kana kwamba ni mrefu zaidi ya ulivyo.

Ukiwa na NanoVNA, anza na milimita 70 na upunguze nusu milimita kwa wakati. Usipunguze milimita 2 kwa pamoja: kwenye masafa haya milimita 1 ya fimbo husogeza mwitikio (masafa ambayo antena huyapokea vizuri zaidi) kwa MHz 16 hivi, na waya uliokatwa haurudi.

Umefaulu ikiwa fimbo imesimama pembe mraba na bapa, lehemu inang'aa bila uvimbe, na hakuna mguso kati ya pini na bapa. Hakikisha kwa multimita.

Hatua ya 3: Andaa graundi tatu

Graundi ya kwanza ni duara dogo la kipenyo cha milimita 138, yaani robo wimbi kutoka katikati hadi ukingoni.

Ya pili ni duara kubwa la kipenyo cha milimita 550, yaani wimbi zima kutoka katikati hadi ukingoni.

Ya tatu haina bamba. Ni miguu minne ya waya wa shaba, kila mmoja ukiwa umekunjwa kitanzi upande mmoja ili uingie skrubu, na ukifika milimita 77 kutoka katikati ya soketi hadi ncha. Urefu huu ni zaidi ya robo wimbi kwa asilimia 12 hivi, na ni desturi ya muda mrefu ya wajenzi wa antena, kwani mguu mrefu kidogo hauharibu kitu ilhali mfupi huharibu.

Kwenye maduara, toboa tundu la kati linalopitisha shingo ya soketi, kisha matundu manne ya skrubu. Pima soketi yako mwenyewe; nyingi za N zinahitaji takriban milimita 16. Bapa la soketi likae juu ya bati, shingo ya kebo itokee chini, ili uweze kuvua bati moja na kuvalisha jingine bila kuigusa fimbo. Fimbo isiguswe kabisa kati ya jaribio moja na jingine, la sivyo hutajua kama tofauti imeletwa na bamba au na fimbo iliyopinda.

Kwangua rangi na kutu mahali bapa linapokalia. Ukingo wa bati lililokatwa ni mkali kama wembe, kwa hiyo upige tupa kabla ya kupanda nalo juu ya nyumba.

Naongeza jambo ambalo mafundi wachache hulitilia maanani: duara ndilo umbo linaloonyesha kasoro za ukingo waziwazi kuliko yote, kwa sababu kila sehemu ya ukingo iko umbali ule ule kutoka kwenye fimbo, na mawimbi yanayorudi hujumlishana kwa pamoja. Mraba huyatawanya. Kwa jaribio letu tunataka kasoro ionekane, ndiyo maana tunakata duara.

Hatua ya 4: Kunja miguu nyuzi 45

Funga miguu minne ikiwa imelala kwanza, na kama una NanoVNA, pima. Utaona ukinzani wa karibu ohm 22, wakati kebo nyingi za redio ni za ohm 50. Juu ya bamba lisilo na mwisho ungekuwa ohm 36.

Kisha inamishe miguu yote chini kwa nyuzi 45. Ukinzani hupanda hadi karibu ohm 50, na hapo antena na kebo vinaelewana. Kuinamisha kunavuta pia kilele cha geini kishuke kuelekea upeo, kwa sababu umbo linazidi kufanana na daipolo iliyosimama. Geini inayobaki ni takriban dBi 2, na iko pale ndege za mbali zilipo.

Hasara ya kuacha miguu imelala si kubwa kama wengi wanavyoogopa. Kutolingana kwa ohm 22 na ohm 50 hula takriban desibeli 0.7, na kwa ohm 36 ni desibeli 0.1 tu. Nayaandika haya kwa sababu nimeona watu wakihangaika wiki nzima kutafuta ulinganifu kamili huku wakitumia kebo nyembamba ya mita 10 inayokula mara kumi ya walichokiokoa.

Hatua ya 5: Shughulikia kebo kabla ya kupima

Kebo ya RG58 hupoteza takriban desibeli 0.6 hadi 0.7 kwa kila mita kwenye masafa haya. Mita 10 ni desibeli 6 au zaidi, na hakuna bamba la graundi litakalozirudisha. Kebo ya RG6, ile ya madishi ya televisheni inayouzwa kila mtaa, hupoteza takriban desibeli 2 kwa urefu huo huo. Ni ya ohm 75, lakini kwa kupokea tu hasara ya tofauti hiyo ni ndogo mno kulinganisha na unachookoa.

Kama unaweza, weka kipokezi juu kabisa karibu na antena kwenye kisanduku kisichoingiza maji, na ushushe waya wa USB badala ya kebo ya antena.

Hatua ya 6: Jaribio la mkono

Hili ni jaribio la dakika mbili, nami nalithamini kuliko vipimo vingi vya gharama. Washa programu, angalia kiwango cha mawimbi cha ndege moja inayosikika kwa utulivu, kisha shika kebo kwa mkono sentimita 10 chini ya antena.

Kiwango kikibadilika wazi, graundi yako haitoshi. Mkondo unaoingia kwenye fimbo lazima uwe na pa kurudia. Ukikosa bamba au miguu ya kutosha, hurudi kupitia ngozi ya nje ya kebo, na kebo yote inakuwa sehemu ya antena. Hali hiyo ndiyo chanzo cha malalamiko kwamba antena inafanya kazi mezani lakini si juu ya paa, au jana lakini si leo. Ukitaka kuiona waziwazi, fungua graundi zote, ubaki na bapa la soketi peke yake, na urudie jaribio.

Umefaulu ikiwa duara dogo na miguu minne vyote vinavumilia mkono wako bila mabadiliko makubwa. Robo wimbi kutoka katikati hadi ukingoni ndiyo chini ya kuanzia, na sikushauri kwenda chini ya hapo.

Hatua ya 7: Linganisha mabamba kwa haki

Simamisha antena mahali panapoona upeo pande nyingi. Zima marekebisho ya kujiendesha ya ukuzaji wa mawimbi kwenye kipokezi, na uweke kiwango kimoja kisichobadilika kwa majaribio yote:

dump1090 --interactive --net --gain 40

Ukiwa na toleo la dump1090 linalokubali --lat na --lon, weka mahali ulipo ili programu ikuhesabie umbali.

Anza na miguu minne kwa dakika 10, weka bamba kubwa kwa dakika 10, rudi kwenye miguu, rudi kwenye bamba, hadi ufikishe mizunguko sita. Usipime antena moja asubuhi na nyingine jioni. Idadi ya ndege angani hubadilika saa hadi saa, na ukifanya hivyo utakuwa unapima ratiba za mashirika ya ndege. Ukiwa na vipokezi viwili vinavyofanana, pima antena zote mbili kwa wakati mmoja, kisha ubadilishane vipokezi na urudie.

Kila dakika 10 andika mambo matatu: kiwango cha mawimbi cha ndege zilizo ndani ya kilomita 30, kiwango cha zile zilizo zaidi ya kilomita 150, na umbali wa ndege ya mbali kuliko zote. Usiridhike na jumla ya ujumbe uliopokelewa, kwa sababu jumla hiyo hutawaliwa na ndege za karibu, nazo ndizo bamba kubwa linazozipendelea. Mtu anayeishi Dar es Salaam karibu na uwanja wa Julius Nyerere anaweza kuona jumla ikipanda kwa bamba kubwa, huku ndege ndogo zinazoshuka Zanzibar, takriban kilomita 70 kutoka hapo na karibu sana na upeo, zikitoweka kwenye ramani.

Ukiona kila kitu kinadhoofika bila kujali graundi, angalia kama kuna mnara wa simu karibu. Minara ya MHz 900 hurusha kwenye MHz 935 hadi 960, na kipokezi cha bei nafuu kisicho na kichujio huzidiwa. Punguza kiwango cha --gain kutoka 40 hadi 30 na ulinganishe.

Matokeo ya kutarajia ni haya: kwa bamba kubwa, ndege za karibu zilizo juu zinapanda kwa desibeli kadhaa, na za mbali zinashuka kwa desibeli 2 hadi 3 ukilinganisha na miguu iliyoinamishwa. Desibeli 3 ni nusu ya nguvu, na katika anga wazi nusu ya nguvu hupunguza umbali kwa kuugawa kwa 1.41; kwa hiyo ndege uliyoweza kuisoma kilomita 200 sasa utaipoteza baada ya kilomita 140. Duara dogo litakaa katikati ya hizo mbili.

Hatua ya 8: Ondoa antena kwenye bati la nyumba

Hatua hii inawahusu wengi wetu, kwa kuwa nyumba nyingi zimeezekwa kwa bati. Ukiigandisha antena ya sumaku juu ya bati la nyumba umeipa bamba la graundi la mita nyingi, na mikunjo ya bati haibadilishi mengi, kwa sababu kina chake ni kidogo mbele ya wimbi la milimita 275. Tena bati la paa limeinama, kwa hiyo upande mmoja wa anga unafunikwa na mwinuko wa paa na mwingine unapewa kilele kilichopotoka.

Pandisha antena ya miguu minne juu ya bomba la plastiki, angalau mita 2 juu ya sehemu ya juu kabisa ya paa. Paa litaendelea kuakisi mawimbi kidogo, lakini halitakuwa tena sehemu ya antena.

Bomba lisimame mbali na nyaya za umeme kwa umbali unaozidi urefu wake wote, ili likianguka lisizifikie. Usipande paa lililolowa, na kabla radi haijaanza uchomoe kebo kwenye kipokezi na uitoe nje ya nyumba. Ziba maungio kwa silikoni isiyonuka siki, kwa sababu ile yenye harufu ya siki hula shaba.

Mahali ambapo bamba kubwa ni chaguo sahihi

Nisingependa utupe duara la milimita 550. Ukitaka kufuatilia puto la hali ya hewa linalopita karibu, au setilaiti zinazopita nyuzi 20 hadi 50 juu ya upeo, kilele kilichoinuliwa ndicho unachokitafuta, na bamba la wimbi moja kutoka katikati hadi ukingoni litakupa geini ambayo miguu minne haiwezi kutoa. Piga hesabu upya kwa masafa husika: kwa MHz 433.92 wimbi ni milimita 691, na duara la kazi hiyo litakuwa na kipenyo cha karibu mita 1.4; kwa MHz 868 wimbi ni milimita 345, na duara litakuwa karibu sentimita 69.

Kwa vipima maji vya shambani, redio za mkono kati ya kijiji na kijiji, au mashua inayowasiliana na pwani, ambako wote mko karibu na usawa mmoja, rudi kwenye miguu minne iliyoinamishwa nyuzi 45. Fimbo ya MHz 868 anza kuikata milimita 86 na kila mguu milimita 97. Ya MHz 433.92 anza na milimita 173 na miguu ya milimita 193. Kisha upunguze fimbo kidogo kidogo kwa NanoVNA hadi mwitikio ukae kwenye masafa yako.